Jua la Mahali pa Baridi

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jua la Nyanda za Juu Kusini na ngozi zetu. Nitaanzia mahali ambapo huenda hukupategemea: kiwanja cha gofu cha Mufindi, kule kwenye mashamba ya chai, mkoani Iringa.

Mashamba yale yako zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu umelala juu ya chai, na mchezaji anafika amevaa sweta, pengine na koti juu yake. Inapofika saa nne ukungu umepanda na anga imefunguka, lakini upepo ni ule ule wa baridi. Sweta linavuliwa, anabaki na fulana ya mikono mifupi na kapelo kichwani, na mchezo unaendelea. Raundi kamili ya mashimo 18 huchukua saa nne, mara nyingi zaidi. Muda wote huo mtu hatoki jasho la kumtisha, wala hasikii joto la kumfukuza kivulini. Kinachomwambia aondoke juani hakipo. Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema leo: ubaridi wa huku kwetu unatuficha jua, na jua tulilofichwa ni kali kuliko lile la pwani.

Joto tunalolisikia mwilini linatokana zaidi na hewa na ardhi iliyopata moto. Miale inayounguza ngozi ni mingine, ni ya urujuanimno, na hiyo haionekani kwa macho wala haisikiki kwa joto. Hewa ndiyo inayoichuja kabla haijatufikia. Kadiri unavyopanda mlima, hewa iliyobaki juu ya kichwa chako inapungua, na chujio nalo linapungua. Wataalamu wanakadiria kwamba kila ukipanda mita 1,000, nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12. Sasa fikiria safari ya Kyela kwenda Mbeya. Kyela iko chini karibu na ziwa, kwenye mita 500 hivi, na joto lake unalijua: shati linagandamana na mgongo kabla ya saa tatu. Unapanda Tukuyu, unapita chini ya Mlima Rungwe, unashuka Uyole kwenye mita zipatazo 1,700, na unatafuta koti. Umeshukuru kwamba umelikimbia jua. Kumbe jua la Uyole, anga ikiwa safi, linaunguza ngozi kuliko lile la Kyela uliloliacha asubuhi. Na ukiendelea kupanda hadi Kitulo, kwenye mita 2,600, ambako mwezi Julai majani huamka na sakitu, miale hiyo inazidi ile ya Dar es Salaam kwa zaidi ya robo.

Mtu ataniambia: lakini Juni na Julai ni kipupwe, jua limelegea. Ni kweli limelegea kuliko la Oktoba. Hata hivyo sisi tuko karibu na ikweta. Mbeya iko kwenye nyuzi karibu tisa kusini, Iringa karibu nane. Mwezi Juni, wakati wa baridi yetu kali, jua la mchana la Mbeya hupanda angani karibu sawa na linavyopanda London katikati ya kiangazi chao, wakati Waingereza wanapopakana mafuta na kutahadharishana redioni. Sisi wakati huo tumejikunyata tukiota jua ukutani, uso umelielekea, na tunaliita tamu. Na kwa kweli ni tamu. Simlaumu mzee anayeota jua saa mbili asubuhi pale Mafinga baada ya usiku wa baridi. Saa mbili jua bado ni changa. Ninayemhofia ni anayeendelea kuliota saa sita.

Wingu nalo lisikudanganye. Wingu jepesi linaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno. Ndiyo maana siku ya mawingu mtu anatoka shambani uso umemwiva, akajiuliza ameungulia wapi.

Kuhusu saa, kuna kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko kimo chako, jua limeinama na nguvu zake ni ndogo. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jifunike au utafute mti. Huku kwetu hali hiyo huanza kama saa nne asubuhi na kuendelea hadi saa kumi kasoro. Na jua la utosi lenyewe, hapa Mbeya, halipo saa sita kamili. Saa za Tanzania nzima zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, ng'ambo kabisa ya mpaka wetu. Mbeya tuko magharibi sana ya mstari huo, kwa hiyo jua hutufikia kichwani karibu saa saba kasorobo. Nalisema kwa sababu watu wengi, wakulima kwa wachezaji, wanahesabu kwamba ikishapita saa saba hatari imekwisha. Kwetu saa saba ndiyo kwanza jua limefika kileleni.

Kwa mwaka, jua hutukalia utosini mara mbili: katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari. Februari kuna mvua na mawingu mazito yanayotusaidia kidogo. Oktoba hakuna. Mvua haijaanza, anga imetakata, na ndio mwezi wa kutayarisha mashamba. Hakuna mahindi yaliyosimama ya kukupa kivuli, kuna ardhi tupu, jembe na mgongo ulioinama. Kama kuna mwezi mmoja wa kutotoka nyumbani bila kofia pana, ni huo.

Nirudi kidogo kwa wachezaji, kwa sababu mchezo huu unaonesha madhara ya jua waziwazi. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia huvaa glovu mkono wa kushoto peke yake. Mwombe aliyecheza miaka mingi aiweke mikono yake pamoja mezani. Uliokaa ndani ya glovu una ngozi laini na rangi ya asili. Ule mwingine umekomaa, umekunjamana, una madoa. Ni mikono ya mtu mmoja, yenye umri mmoja. Mwaka 2011 Adam Scott wa Australia, mmoja wa wachezaji wakubwa wa gofu duniani, aliondolewa saratani ya ngozi usoni akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Australia, nchi yenye watu wengi weupe chini ya jua kali, ilianza kampeni kubwa ya kujikinga mwaka 1981: vaa shati, paka mafuta, vaa kofia. Kwa hiyo mgeni anayekuja Mufindi kucheza kutoka nchi kama hiyo huenda ana elimu hiyo tangu shuleni.

Lakini hebu tazama watu wengine walio kwenye kiwanja kile kile. Kijana anayebeba mkoba wa fimbo anatembea mwendo ule ule, saa zile zile, na akimaliza raundi moja anaomba Mungu apate nyingine mchana. Anayefyeka nyasi yuko pale kila siku ya kazi. Na ng'ambo ya uzio, kwenye chai, wachumaji wameinama tangu asubuhi, jua likiwapiga shingoni. Mchezaji analipata jua hilo siku moja ya wiki kwa raha yake. Hawa wanalipata maisha yao yote, na sijaona sababu elimu ya kujikinga iishie kwa mwenye fimbo.

Najua jibu linalokuja haraka: ngozi nyeusi haiungui. Lina ukweli ndani yake, na nisiufiche. Rangi yetu, melanini, ni kinga aliyotupa Mungu. Ngozi nyeusi huzuia miale hii mara kadhaa zaidi ya ngozi nyeupe, na ndiyo maana saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni chache miongoni mwetu kuliko kwa Wazungu. Ila kinga hiyo ina kikomo, na kuna sehemu za mwili haizifikii vizuri. Mdomo wa chini ni mojawapo. Utauona kwa wazee waliofanya kazi juani, umekauka na kupasuka mwaka mzima. Jicho ni sehemu nyingine. Ile nyama inayoota kutoka kwenye kona ya jicho na kutambaa kuelekea mboni, ambayo wengi wanadhani ni vumbi tu, inahusishwa sana na jua. Miwani ya jua yenye kinga ya kweli na kofia inayotoa kivuli usoni vinasaidia macho yote, meusi na ya buluu.

Tena wapo wanaoiondoa kinga hiyo kwa mikono yao wenyewe. Nasema juu ya mkorogo. Krimu zenye haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku nchini, lakini bado zinapenya masokoni. Zinafanya kazi kwa kuizuia ngozi kutengeneza melanini. Dada yangu anayejipaka mkorogo usiku na kukaa kwenye meza ya nyanya sokoni Mwanjelwa mchana kutwa amevua ngao kisha ameingia vitani. Na haidrokwinoni ikitumika muda mrefu juani huweza kuleta mabaka meusi yenye rangi ya buluu mashavuni, ambayo kuyaondoa ni vigumu mno. Kuna dawa za hospitali pia zinazoifanya ngozi iungue upesi, doksisaiklini ikiwa mojawapo. Usiiache dawa uliyoandikiwa. Muulize mfamasia, kisha ujifunike.

Sasa niwafikie watu ambao hasa ndio walionifanya nilete mazungumzo haya: ndugu zetu wenye ualbino. Kwao melanini ni kidogo sana au haipo kabisa, na urefu wa milima yetu ni adhabu juu ya adhabu. Mwaka 1985 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam kwa watu 350 wenye ualbino. Madaktari waliona madhara ya jua kwenye ngozi tangu mwaka wa kwanza wa uhai wa mtoto. Kufikia umri wa miaka 20, wote walikuwa na mabadiliko ya saratani au ya kuelekea saratani. Hiyo ilikuwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Mtoto wa Uporoto au wa Kilolo anaanza maisha kwenye jua kali zaidi, huku mama yake, kwa nia njema, anamtoa nje aote jua kwa sababu nyumbani kuna baridi.

Kwa miaka mingi habari za ualbino nchini zimekuwa habari za mauaji, na ilikuwa lazima zisemwe kwa sauti kubwa, kwa kuwa uhalifu ule ni aibu yetu sote. Lakini saratani ya ngozi inawaua wengi zaidi kuliko mapanga, na haipigiwi king'ora. Umoja wa Mataifa umeeleza kwamba katika baadhi ya nchi za Afrika watu wengi wenye ualbino hufa kwa saratani ya ngozi kati ya umri wa miaka 30 na 40. Ni umri wa kulea watoto. Na ni ugonjwa ambao kwa sehemu kubwa unazuilika kwa kitambaa, kivuli na mafuta.

Kuhusu mafuta, Tanzania ina jambo la kujivunia. Pale Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo mfamasia kutoka Uhispania, Mafalda Soto, pamoja na Watanzania, walianzisha utengenezaji wa mafuta ya kukinga jua yanayoitwa Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kwa mazingira yetu. Hugawiwa bila malipo kupitia kliniki za ngozi, ambako mtu huchunguzwa mwili mzima na kuelekezwa namna ya kuyatumia. Sehemu hiyo ya maelekezo ni muhimu kuliko tunavyodhani, kwa sababu mafuta haya yakipakwa kidogo hayafanyi kazi yake. Uso, masikio na shingo vinahitaji mstari wa mafuta wenye urefu wa vidole viwili. Yapakwe robo saa hadi nusu saa kabla ya kutoka, na yarudiwe kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitoka jasho. Namba 30 kwenye chupa inamaanisha miale ipatayo asilimia 97 ya ile ya kuunguza imezuiwa. Namba 50 huongeza asilimia moja tu. Usimalize pesa ukitafuta namba kubwa. Mchezaji anayeogopa fimbo kuteleza apake kwa mgongo wa mkono, afute kiganja kwa taulo. Na mafuta ya mgando, yale ya kuzuia ngozi isipauke kwa baridi, hayakingi jua hata kidogo, ijapokuwa nimesikia akina mama wengi wakiyategemea.

Ila piga hesabu nami. Mtu mzima akipaka mwili wote ulio wazi kwa kipimo kinachotakiwa, anatumia karibu mililita 30 kwa mara moja. Chupa ya mililita 100 haimalizi siku mbili. Hakuna mkulima wa viazi wa Isyonje atakayeweza kuishi hivyo, na si lazima aishi hivyo. Nguo ndiyo kinga ya kwanza, mafuta ni ya pale ambapo nguo haifiki. Shati la mikono mirefu lenye kola, suruali au sketi ndefu, kitambaa kilichoshikana. Kinyanyue kwenye mwanga: kama unaona mkono wako kupitia upande wa pili, jua nalo linaona. Fulana nyeupe nyepesi iliyolowa jasho ni kinga hafifu sana. Mgolole wa wazee wetu wa Kihehe, kitenge kilichotandwa hadi mabegani, vinafanya kazi ambayo chupa haiwezi.

Kofia nayo iwe pama, si kapelo. Kapelo inakinga paji la uso na pua, kisha inaacha masikio na kisogo, na hapo hasa ndipo saratani inapopenda kuanza kwa watu wenye ualbino. Ukingo wa pama uwe na upana wa vidole vinne au zaidi, kuzunguka pande zote. Wakubwa wa mashamba, klabu na kampuni za misitu kule Sao Hill wanaotoa sare kwa wafanyakazi wao kila mwaka, wanaponunua kapelo zenye nembo, pesa hiyo hiyo inaweza kununua pama zenye nembo.

Na walimu wakuu mnaonisikiliza, nina ombi. Sare ya shule zetu nyingi ni shati la mikono mifupi na kaptula au sketi. Mruhusuni mwanafunzi mwenye ualbino avae mikono mirefu, suruali na pama, hadi ndani ya uzio wa shule, bila kuandikiwa barua wala kuitwa mbele. Mstari wa asubuhi ukirefuka, asimame chini ya mti. Kazi za shamba la shule zifanyike kabla ya saa tatu, au yeye apewe kazi ya ndani. Hayo yote hayahitaji bajeti kutoka Dodoma.

Jambo la mwisho ni vidonda. Bob Marley alikufa Mei 1981 akiwa na miaka 36, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole cha mguu, chini ya ukucha. Saratani ya aina hiyo huwapata watu weusi pia, kwenye nyayo, viganja na kucha, na haisababishwi na jua. Kwa hiyo doa jeusi jipya chini ya mguu, linalokua au kubadilika, lioneshe hospitali hata kama hujawahi kushinda juani. Na kidonda chochote au kigamba cha usoni, masikioni, mdomoni au mikononi ambacho kimekaa wiki nne hakijapona, usikipake dawa ya kienyeji mwezi wa pili. Kikionwa mapema, kinagandishwa kwa naitrojeni au kinakatwa kwa ganzi ya pale pale, na mtu analala nyumbani kwake usiku huo. Kikiachwa kikaingia ndani, huenda safari ikawa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, kwa mionzi ya wiki kadhaa, mbali na shamba na watoto.

Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na hakuna mtu anayejiona kisogoni. Kwa hiyo wewe unayeishi naye, uwe mke, mume, mama au mwenzake wa bweni, mara moja kila mwezi msimamishe penye mwanga, umwangalie nyuma ya masikio, shingoni na juu ya mabega. Pitisha kidole taratibu, maana kigamba kinachoanza huparuza kabla hakijaonekana. Ukikikuta, mwambie siku hiyo hiyo, na muende pamoja.